Madale: Kati ya Udi na Sandali

Atokaye Tegeta kwa Ndevu kwenda Madale hukipita kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kisha barabara humpandisha vilimani, baina ya nyumba mpya, matofali yaliyopangwa kando ya njia na malori ya mchanga. Akishuka kwenye daladala huwa amekwisha kubeba vumbi, jasho na moshi wa dizeli. Ndiyo maana manukato huku si mambo ya harusini tu.

Baada ya swala ya Ijumaa, muuza manukato hutandika meza yake nje ya msikiti. Nilimwomba harufu moja ya kila siku, naye akanitolea chupa mbili za mililita sita, zote za miti na ngozi: moja yenye udi mzito, nyingine yenye sandali. Mfuko uliruhusu moja.

Ndugu msomaji, hiyo "ngozi" haikukamuliwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Watengeneza glovu wa Grasse, Ufaransa, katika karne za 16 na 17 walizitia glovu zao manukato ili kuficha uvundo wa ngozi, na mji wao ukaishia kuwa mji wa manukato. Harufu ya ngozi yenyewe huigizwa kwa lami ya mti wa birch, utomvu na kemikali za maabara. Udi nao hautoki kwenye mti mzima wa afya. Mti wa Aquilaria hujeruhiwa, ukavamiwa na kuvu, nao hujikinga kwa utomvu mweusi. Huo ndio tunaoulipia. Sandali ni pole zaidi, ina ulaini wa maziwa. Msandali wetu wa Afrika Mashariki umekatwa mno, hata tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Basi sandali ya bei ya mezani, tusidanganyane, yaelekea ni ya maabara.

Nilipaka udi mkono wa kulia, sandali wa kushoto, nikaenda zangu kazini. Karatasi ya kunusia haisemi kweli. Joto la Dar es Salaam ndilo hakimu. Kufika adhuhuri udi ulikuwa umejaa daladala nzima, na jirani yangu akafungua dirisha. Sandali ilisikika kwa aliyenipa mkono tu. Nyumbani mwenzangu akatoa hukumu kabla sijauliza: mkono wa kulia usimsogelee mtoto, kwani ana pumu.

Mtume (S.A.W.) alihimiza manukato siku ya Ijumaa, na ndiye huyo huyo aliyemtaka mla kitunguu saumu ajitenge na msikiti. Pua ya jirani ina haki yake safuni.

Nikachukua sandali. Tone moja nyuma ya kila sikio baada ya kuoga latosha mpaka alasiri. Kanzu nyeupe usiiguse nayo. Mafuta huacha doa la manjano lisilotoka kwa sabuni.