Taa Ndogo za Dashibodi

Gari langu ni Land Rover Defender ya mwaka 1996, na kijana anayenitengenezea umeme wake ana maoni kwamba ndani yake kuna giza kama ghala la mahindi. Hasemi uongo. Geji zake huangaziwa na balbu ndogo za waya, zile ambazo mafundi wetu huziita glopu, zilizochomekwa nyuma ya dashibodi. Mwanga wake unatosha tu kumjulisha dereva kwamba mshale upo na unaelekea upande fulani. Basi Jumamosi moja kijana aliniletea kifurushi cha taa za LED, akazigusisha moja moja kwenye betri ili nizione. Zilikuwa za buluu. "Mzee," aliniambia, "tukifunga hizi, gari litakuwa kama ndege."

Nilimwomba siku mbili za kufikiri. Alicheka, maana kwake ni kazi ya asubuhi moja. Lakini yeye huendesha mjini, chini ya taa za barabarani, na mimi mara kwa mara hupita Mikumi usiku. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, haina uzio, na nyati akisimama pale katikati ya lami hana taa ya nyuma.

Buluu hii, msomaji, ni ngeni kuliko tunavyodhani. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962; zikafuata za manjano na za kijani, ambazo tulizizoea kwenye redio na vikokotoo. Buluu yenye nguvu iliwashinda wataalamu kwa miaka thelathini hivi, mpaka ikapatikana kwa juhudi za Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano huko Japani, na za Mjapani mwenzao Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, ambaye taa yake ilitangazwa mwaka 1993. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Walistahili, kwani hata LED nyeupe, kwa kawaida, ni ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa manjano. Lakini hawakutuzwa kwa ajili ya dashibodi.

Jicho la binadamu lina seli za aina mbili: zile za mchana, zinazotambua rangi, na zile za gizani, zinazotambua umbo na mwendo hata kama mwanga ni haba. Hizi za gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kuamka kabisa, na mwanga mkali huzilaza upya kwa muda mfupi tu. Ziko makini zaidi kwa mwanga ulio baina ya buluu na kijani, na karibu hazioni wekundu. Kwa hiyo mwanga mwekundu hafifu huziacha zifanye kazi yake, na mwanga wa buluu huzigonga palepale zilipo dhaifu. Ongeza umri: lenzi ya jicho la mzee hutawanya mwanga, na kila nukta kali mbele yake inazungukwa na ukungu. Kijana huona dashibodi ya ndege. Mimi naona mwezi umeshuka kati ya macho yangu na barabara. Ule mwanga wa manjano uliofifia, anaoudharau, unaniruhusu nione macho ya swala kabla swala hajaamua kuruka.

Hata hivyo sikuwa na nia ya kuzipinga taa mpya kwa sababu ni mpya. Taa ya darini nilimwambia abadilishe siku ileile. Balbu ya wati 10 hula karibu ampea moja, na mlango wa nyuma usipofungwa vizuri usiku kucha, betri iliyochoka haitaizungusha injini ya dizeli asubuhi. LED ya wati moja hula sehemu ya kumi ya umeme huo, haichomi kifuniko chake cha plastiki, na mtu anaona funguo zilipoangukia. Hapo hapana ubishi. Indiketa tuliziacha, kwa sababu flasha ya kawaida hupima mzigo wa balbu. Ukiweka LED inadhani balbu imeungua, nayo hupepesa mbiombio kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni.

Kwenye geji alinishawishi nusu. Tulijaribu LED moja nyeupe, hafifu, kwenye spidomita. Haikuwaka, akaigeuza ikawaka, kwa kuwa LED, tofauti na balbu ya waya, inachagua upande wa chanya na wa hasi. Lakini ilirusha mwanga mbele tu: namba za katikati zikang'aa, za pembeni zikabaki gizani. Akatafuta nyingine yenye vichwa vya kutoa mwanga pembeni, nayo ikafaa.

Nilichokataa katakata ni taa ya chaji, ile nyekundu yenye picha ya betri. Kijana alidhani ni ushamba. Kumbe hiyo si taa ya kutoa habari tu. Ukiwasha swichi kabla ya injini kuunguruma, umeme hutoka kwenye betri, hupita katika waya mwembamba wa balbu hiyo, huingia kwenye koili ya alteneta na kuipa sumaku ya kuanzia. Injini ikishazunguka na alteneta ikaanza kuzalisha, umeme wa pande zote mbili za balbu hulingana, nayo huzimika. Katika magari kama langu, balbu ni mlango wa kuingilia. LED hupitisha umeme kidogo mno. Alteneta huweza kulala mpaka uikanyagie injini mafuta kwa nguvu, au isiamke kabisa. Magari mengi ya siku hizi huiamsha alteneta kwa njia nyingine, na huko taa hiyo ni taa tu. Ndiyo maana fundi aliyejifunzia magari mapya anaweza asilijue jambo hili mpaka azeeke.

Namjua mwenye Land Rover mmoja aliyenunua alteneta, kisha akanunua ya pili, huku betri yake ikiendelea kufa. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya misheni alimtazama akiwasha swichi, akaona taa nyekundu haiwaki, akachomoa balbu iliyoungua na kuweka nyingine. Bei yake haikufika bei ya kipande cha sabuni. Sitaki kufikiria mambo hayo yakitokea Mikumi saa nne usiku, taa kubwa zikizidi kuwa nyekundu kila kilomita, na injini ya dizeli, ambayo haihitaji cheche, ikiendelea kunguruma kana kwamba mambo ni shwari.

Nilimchorea kijana njia ya umeme huo nyuma ya risiti. Aliitazama kwa muda, kisha akachomoa balbu ya chaji mwenyewe, akawasha injini, akapima betri kwa mita yake: volti 12 na kitu. Akairudisha balbu, akawasha tena: zaidi ya 14. Hakusema neno. Aliikunja ile risiti, akaitia mfukoni.

"Hizi za buluu nitamfungia mtu wa bodaboda," alisema baadaye.

Nikamwambia anitafutie balbu mbili za waya za akiba. Zimo kwenye kopo la filimu, chini ya kiti cha dereva.