Siku Nne kwa Miguu katika Milima ya Usambara

Vijana watatu wa jamaa yangu walinijia juzi kuniuliza namna ya kupanga safari ya miguu katika Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae na kurejea. Walikuwa na ramani, na juu yake wamepiga mstari mwekundu kwa rula. Nikawaambia, "Wanangu, huko hakuna njia ya rula." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwani safari yangu ya kwanza niliipanga vivyo hivyo, na nusura tumpoteze mwenzetu.

Tulikuwa wanne, mwezi wa Mei, mvua za masika hazijaisha. Mmoja wetu alikuwa mtu mzima kutupita sisi sote, tena ana pumu, naye kwa haya hakusema neno. Tukaipanga safari kwa siku mbili, kwa kadiri ya miguu yetu sisi wepesi. Siku ya pili, tulipotoka Rangwi, ukungu ukashuka, nasi tukazidi kutangulia. Tulipogeuka hatukumwona. Tulimkuta baada ya magharibi, ameketi kando ya njia, nguo zimerowa, meno yakigongana, maneno hayamtoki sawasawa. Mkulima mmoja alitupeleka nyumbani kwake. Mkewe akakoka moto, akampa nguo kavu na chai ya moto. Hata leo nikikumbuka uso wake naona aibu.

Basi niliwaambia vijana hivi. Safari ile yataka siku nne. Kabla ya kuitazama ramani, ulizaneni ni nani kati yenu aliye mzito wa mwendo, na saa zote zihesabiwe kwa mwendo wake. Wala msihesabu maili, kwani milima ile hupanda na kushuka bila kukoma. Kijiji mkionacho ng'ambo ya bonde, kana kwamba mtakigusa, chaweza kuwala nusu ya siku. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na mabondeni giza hutangulia. Yafaa basi kila siku mfike mlalapo wakati wa alasiri.

Siku ya kwanza piteni msitu wa Magamba, wenye mbega na miti mikubwa. Msitu huo ni hifadhi. Kibali na kiongozi wa njia vitafutwe Lushoto kabla ya kutoka. Laleni Lukozi. Siku ya pili fikeni Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki wamezoea kuwapokea wapita njia. Siku ya tatu, kwa njia za mashamba ya viazi na kabichi, nendeni Mtae, kwenye ukingo wa milima. Toka pale mtaona nyika ya Mkomazi chini yenu, na asubuhi isiyo na mawingu huonekana hata Kilimanjaro. Siku ya nne rudini kwa basi. Basi huondoka mapema mno, basi ulizeni saa yake jioni, msije mkapata taabu kwa sala ya alfajiri.

Masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa kukaa nyumbani. Juni hadi Septemba ni kukavu, lakini usiku una baridi ambayo mtu wa pwani haijui. Katika shanta kila mtu atie sweta, koti la mvua, na nguo za kulalia ndani ya mfuko wa nailoni. Hizo zisivaliwe njiani hata kama nyingine zimerowa. Maji ya kunywa yachemshwe. Viatu vifunike fundo za miguu; aliyevivaa akiwa na udhu, na ngozi yake ni imara, ana ruhusa ya kupangusa juu yake, na akivivua ruhusa hukoma.

Aliye na nafasi asome kwanza Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, kwani gari litokalo Mombo hupitia Soni, na Vuga, mji wa wafalme wale, si mbali na hapo.

Niliponyamaza, vijana wakatazamana. Mdogo wao akasema kwa sauti ndogo kwamba goti lake la kushoto humwuma akishuka ngazi. Mkubwa akachukua kifutio, akaufuta ule mstari mwekundu, akamwuliza, "Humwuma baada ya saa ngapi?"