Kabari Chini ya Tao

Mwandishi wa tawasifu hii, aliyestaafu utumishi wa umma akiwa mhandisi wa barabara za wilaya, anaandika wakati ambapo kaboni iliyofumbatwa, yaani jumla ya gesijoto zinazotolewa katika kutengeneza na kusafirisha vifaa na katika ujenzi wenyewe kabla gari la kwanza halijapita, inazungumzwa sana kwenye semina na kidogo mno kwenye eneo la kazi. Alizaliwa katika nyanda za juu za Buha mkoani Kigoma, akasomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitivo kilichoanzishwa mwaka 1973, na miaka yake ya mwanzo kazini ilikwenda kama ya wenzake, katika kunakili michoro ya kalvati za zege lenye nondo ambayo hakuna aliyeihoji.

Fikra zake zilibadilishwa na madaraja ya mawe ya tao, ambayo Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza mwaka 2017, uliyajenga mkoani Kigoma kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, baada ya mbinu hiyo kutumika nchini Uganda. Tao hubeba mzigo kwa kugandamizwa tu, na jiwe huvumilia mgandamizo kuliko kitu kingine cho chote kinachopatikana kijijini; zege nalo huvumilia mgandamizo lakini hukatika likivutwa, ndiyo maana hutiwa nondo. Tani moja ya chuma cha tanuri la makaa hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa, na saruji haina nafuu, kwa kuwa chokaa ghafi inapochomwa kwa nyuzi joto 1,450 ili ipatikane klinka, yaani kiini cha saruji, hewa ukaa hutoka ndani ya mwamba wenyewe mbali na ile ya kuni au makaa, hata kubadili nishati peke yake hakumalizi tatizo. Saruji huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayosababishwa na binadamu. Kwa Kigoma iongezwe safari ya nondo kutoka pwani, zaidi ya kilomita elfu moja, ilhali mawe yamelala kandokando ya mto.

Aliyemfundisha mwandishi tao ni fundi mwashi ambaye hakuwa na cheti cho chote, na ambaye kila mtu, wakandarasi wakiwemo, alimwita Mzee. Mzee aligonga kila jiwe kwa nyundo akasikiliza: lililolia kwa sauti kavu lilikubaliwa, lililofifia lilitupwa kwenye kifusi. Jambo lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa kabari. Tao hujengwa juu ya fomu ya mbao iliyokaa juu ya kabari, na baada ya mawe ya utosi kufungwa, Mzee alizilegeza kabari kidogo sana, siku chache tu baadaye, ili mawe yakae na kuumana wakati mota, yaani mchanganyiko wa mchanga na saruji au chokaa, bado inaweza kukubali. Mota ikishakauka kabisa, alisema, mwendo uleule mdogo hutokea kama ufa utosini na mabegani.

Mhandisi mshauri mmoja mwandamizi alipinga vikali. Mkataba ulisema siku 28, na siku 28 zingesubiriwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu mota mbichi mno inaweza kubanwa ikatoka na tao likapinda. Lakini siku 28 ni umri ambao nguvu ya zege hupimwa, na ulinakiliwa kutoka mkataba wa zege bila kuulizwa kama unahusika na jengo ambalo mota yake husambaza tu mgandamizo kati ya mawe. Tena fomu iliyofungwa mwezi mzima haiwezi kuvuka kwenda daraja linalofuata, na mkandarasi mwenye haraka hukata miombo mingine, hivyo kaboni iliyookolewa kwenye nondo inarudi kwa mlango wa msitu. Mwandishi aliyaeleza hayo kwa barua. Jibu lilikuwa kwamba utaalamu haujifunzwi kwa waashi.

Vijana wanaoandaa zabuni leo wanapaswa kusikia hili kwa ukali linaostahili: programu ya kukokotoa kaboni inayofunguliwa baada ya mchoro kukamilika ni pambo. Mwongozo wa Uingereza uitwao PAS 2080, uliotolewa mwaka 2016, unasisitiza kwamba nafasi kubwa ya kupunguza kaboni iko mwanzoni, pale mtu anapouliza kama kitu kinahitaji kujengwa kabisa, na kwamba nafasi hiyo husinyaa kadiri mradi unavyosonga mbele. Nani atauliza, iwapo mshauri hulipwa kwa asilimia ya gharama ya ujenzi, na orodha ya vipimo na bei ina mistari tele ya mita za ujazo za zege huku uashi wa tao hauna hata mmoja? Nani atachonga mawe, iwapo vyuo vya ufundi vinafundisha kupanga matofali ya saruji tu?

Katika mikataba ya mwisho aliyoisimamia, mwandishi alifaulu kuingiza kifungu kinachoruhusu kabari kulegezwa mapema kwa maelekezo ya mhandisi, huku kifusi kikijazwa pande zote mbili kwa kimo kimoja. Mzee alikuwa ameshafariki. Mshauri yule bado anafundisha siku 28.