Maji ya Machi
Mama alipofariki, tata aliacha kuimba. Kanisani alisimama na wenzake, kitabu wazi, midomo imefungwa. Watu walisema ni uzee. Mimi nilijua kwamba kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameimba besi yake akiisikiliza sauti ya kwanza ya mama, na sasa hakuwa na cha kusikiliza.

Mwaka wa nne baada ya msiba nilishuka kutoka Mbeya kumchukua. Ilikuwa Machi. Kijiji chetu kiko tambarare, kati ya Ipinda na ziwa, na mvua ikikaza milimani maji yote yanatafuta huku kwetu. Mpunga ulikuwa umezama, jikoni maji yalifika kwenye mafiga. Nilimweleza habari ya chumba nilichomwandalia, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Kisha akatazama migombani, alikolala mama.

"Sasa yeye nimwachie nani?"

Nikanyamaza. Siku ya pili tukanyamaza wote wawili.

Usiku ule umeme ulikatika. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba hata ugomvi usingewezekana. Nikatumbukiza simu kwenye bakuli ili sauti ipae, nikaweka wimbo mmoja wa Kibrazili ninaoupenda, "Águas de Março". Maana yake ni maji ya Machi. Ulitungwa na Tom Jobim, ukatoka 1972. Miaka miwili baadaye akaurekodi Los Angeles pamoja na mwimbaji Elis Regina. Kwao Machi ni mwezi wa mvua zinazofunga kiangazi chao cha joto.

"Hiyo ni jazz ya wapi?" tata akauliza.

Kwa watu wa umri wake jazz ni bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, zile za Redio Tanzania. Nikajaribu kumweleza kwamba hii ni samba, ngoma ya mitaani ya Brazili, ila wameipunguza sauti, mapigo ya ngoma yakahamia kwenye vidole vya mpiga gitaa, halafu wakaipangia sauti kama wanajazz wa Marekani. Nadhani nilieleza vibaya. Akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

Mwanamke anaanza. Mwanamume anamjibu. Maneno yenyewe ni kama orodha ya vitu vinavyosombwa na maji, kimoja baada ya kingine, wala hakuna anayelalamika. Wanapokezana, kila mmoja kipande kifupi, na kadiri wimbo unavyosogea vipande vinazidi kuwa vifupi mpaka unashindwa kujua nani anamalizia neno la nani. Karibu na mwisho wanacheka. Wameiacha hivyohivyo kwenye rekodi.

"Rudisha," tata akasema. "Hapo walipocheka."

Nikarudisha.

"Mama yako alikuwa ananifanyia hivyo. Katikati ya wimbo, mbele ya mchungaji." Kisha: "Hawa ni mke na mume?"

"Hapana, tata."

"Wako hai?"

Nikamwambia Elis alifariki Januari 1982, akiwa na miaka 36. Tom alifuata Desemba 1994.

Akahesabu kimya. "Karibu miaka 13," akasema. "Aliendelea kuimba?"

"Aliendelea."

Tuliusikiliza tena, sijui mara ngapi. Kwenye mara ya tano au ya sita nikasikia kitu kama nzi mkubwa ndani ya chumba. Ilikuwa besi yake, bila maneno, imekwaruza, inatafuta mahali pa kukaa chini ya sauti ya yule mwanamke. Sikugeuka kumtazama. Habari ya Mbeya sikuirudia tena.

Asubuhi akaniomba wimbo ule umwekee kwenye redio yake ya memori kadi. Nikapanda bodaboda, matope hadi magotini, mpaka Kyela mjini kwa kijana anayeingiza watu nyimbo. Aliusikiliza kidogo, akakunja uso.

"Kaka, hii niiweke folda gani? Bolingo?"

Nikamwambia aiweke kwenye kwaya.