Huku na Papo Hapo

Sisi walimu twapenda kuwasahihisha wengine. Safari hii tulisahihishwa sisi. Mwezi wa Januari 2014, mto Mkundi ulipofurika na maji kuingia Magole na Dumila, mama mmoja jirani yetu alitujia tumwandikie shemeji yake barua. Magunia ya mahindi ya shemeji, aliyokuwa akiyatunza nyumbani mwake, yalichukuliwa na maji, naye shemeji alinena kwamba ni uzembe.

Mama akatamka: “Nilikuwa nikiwatoa watoto huku maji yakipanda.” Sisi, kwa kupenda maneno ya fahari, tukaandika: “Niliwatoa watoto, papo hapo maji yakapanda.” Tulipomsomea alikataa.

“Sivyo, Mwalimu. Hapo watoto wamekwisha kutoka ndipo maji yakaja. Ataniuliza, mbona hukuyarudia magunia?”

Tuliona haya. Maneno yote mawili asili yake ni mahali. Pa- ni mahali hasa, kama penye kigingi cha mbuzi. Basi papo hapo ni nukta moja ya wakati, na ile -ka- tuliyoitia ililiweka tendo la pili nyuma ya la kwanza. Ku- ni mahali pasipo mpaka. Huku, ikifuatana na -ki-, huyanyosha matendo mawili yaende bega kwa bega. (Na sarufi hiyo twaifundisha kila mwaka!)

Tukatwaa karatasi nyingine, tukaandika kama alivyosema, naye akatia kidole gumba.