Mama Aliniuliza Mara Kumi



Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu ni miaka 68. Nataka kuwasimulia habari ya marehemu mama yangu na habari ya kompyuta, maana kwangu mambo hayo mawili yamefungamana.

Mama alianza kwa kusahau mambo madogo. Aliacha chungu motoni mpaka maharage yakaungua. Kisha akawa ananiuliza, "Baba, ng'ombe wamerudi?" Ninamjibu. Kabla sijakaa, ananiuliza tena. Jioni moja aliniuliza mara kumi, nami nikamfokea mbele ya wajukuu. Akanyamaza, akajikunyata kama mtoto aliyeadhibiwa. Majirani nao walipomwona akitangatanga usiku walianza kunong'ona kuwa ni mchawi. Kumbe alikuwa mgonjwa! Daktari alitueleza ya kuwa ni dimensia, ugonjwa wa ubongo uondoao kumbukumbu na akili polepole. Mama amekwisha kufa, lakini kule kumfokea bado kunaniuma.

Basi, mwaka huu mimi mwenyewe nilianza kusahau majina ya watu, nikaingiwa na hofu. Mjukuu wangu asomaye mjini akaja likizo na kompyuta yake, akanionyesha zoezi. Katikati ya kioo hutokea picha ya gari, na papo hapo pembeni hutokea picha nyingine. Kufumba na kufumbua zote zimetoweka. Unaulizwa: katikati lilikuwa gari gani? Na picha ya pembeni ilikuwa upande gani? Ukipata, picha huzidi kwenda mbio. Siku ya kwanza nilishindwa vibaya, watoto wakacheka.

Nikamwuliza, "Je, huu si mchezo wa kupoteza wakati?" Akanieleza ya kuwa mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walianza kulipima jambo hili kwa wazee zaidi ya 2,800, wenye miaka 65 na zaidi. Waliwagawa katika makundi 4. Moja lilifundishwa kukumbuka, la pili kufikiri, la tatu wepesi wa kuona na kutambua kwa kompyuta, na la nne halikufundishwa kitu. Masomo yalikuwa kama 10 tu, kwa muda wa wiki 5 au 6, na baadhi yao wakaongezewa marudio baadaye. Mwaka 2017 walitangaza ya kuwa, baada ya miaka 10, hatari ya dimensia kwa kundi la kompyuta ilikuwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko kwa wale wasiofundishwa. Makundi mengine mawili hayakuonyesha faida ya kutegemewa. Mwaka 2026 ikatoka hesabu ya miaka 20: faida ilibaki kwa wale waliofanya na marudio, asilimia 25.

Lakini tusidanganyike na kila tangazo. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani yenye michezo iitwayo Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, kwa sababu ilitangaza michezo yake ya akili kwa ahadi zisizo na ushahidi wa kutosha.

Nikauliza tena, "Je, mama yangu angepona kwa zoezi hili?" Kijana akajibu, "Hapana, babu. Wale wazee walianza wakiwa na akili timamu." Nikaelewa. Mama hakuhitaji mtihani wala kufokewa. Alihitaji kujibiwa kwa upole mara ya kumi kama mara ya kwanza. Yoshua bin Sira, sura ya 3, ametuusia kumvumilia mzazi hata akili zake zikipungua. Nami niliyasoma hayo mara nyingi kanisani bila kuyatenda.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mwili ufanye mazoezi, tumbaku iachwe, pombe ipunguzwe, na shinikizo la damu na kisukari vitibiwe. Hayo yote hata sisi wa shamba tunayaweza.

Mimi naendelea na zoezi langu, na watoto hawacheki tena sana. Lakini kila Jumapili baada ya Misa napita kwanza kwa mzee mmoja jirani yetu. Huniuliza mimi ni mtoto wa nani. Namjibu. Huniuliza tena, nami namjibu tena.