Nimekata Kucha za Mkono Mmoja kwa Ajili ya Kodi Nne

Wadau, mmeniuliza sana kwa nini kwenye picha zangu za siku hizi mkono wa kulia una kucha ndefu zimepakwa rangi, halafu wa kushoto kucha zimekatwa kama za mtoto wa shule ya msingi. Jibu ni gitaa. Mkono wa kushoto ndio unaokandamiza nyuzi. Ukiwa na kucha ndefu, kucha ndiyo inayosimama badala ya kidole, uzi haukandamiziki vizuri na sauti inatoka imekufa. Na mimi nauza vipodozi, mteja anaangalia mikono yako kabla hajatoa hela. Kwa hiyo msichukulie poa, nilifikiria wiki nzima kabla ya kushika mkasi.

Nilichotaka mimi ni nyimbo za kuabudu tu. Sebene na solo za kukimbiza vidole nawaachia wenyewe. Nazungumzia zile za polepole, kanisa limetulia, watu wamefumba macho. Ukiingia mtandaoni utaambiwa kodi nne zinatosha (kodi za gitaa jamani, ya mwenye nyumba inajitegemea). G, C, D na E maina. Na hawadanganyi. "Way Maker" ya Sinach wa Nigeria, ule wimbo wa 2015 ulioimbwa dunia nzima, unazunguka kwenye kodi nne karibu mwanzo mpaka mwisho.

Wiki za mwanzo ni maumivu, basi. Nyuzi za chuma zinachubua ncha za vidole, ukiosha vyombo kwa maji ya moto unaita jina la Bwana kweli kweli. Baadaye sugu inaota na unasahau. E maina ni vidole viwili tu, ile naona ililetwa kwa ajili ya sisi wanyonge. F sitaki hata kuiongelea.

Kumbe shida haikuwa kwenye kodi. Shida ni zile karatasi tunazopakua. Kwenye karatasi, kodi imeandikwa juu ya neno, ukifika kwenye hilo neno unabadilisha. Sawa, lakini neno lenyewe ni la Kiingereza. Sisi tunaimba Kiswahili. Neno lao la silabi moja kwetu linaweza kuwa la silabi nne, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kodi inabadilika katikati ya neno, sehemu ambayo karatasi haiijui. Ukiifuata karatasi, wewe umeshahama na waimbaji bado wako njiani. Na mapambio yetu ndiyo kabisa, mengi hayana karatasi popote. Mama mmoja anasimama, anaanzisha kwa sauti aliyoamka nayo siku hiyo, kanisa linadaka. Wewe na gitaa lako utajijua.

Aliyenitoa hapo ni kaka mmoja, simtaji jina na msianze kubahatisha. Kama unasikiliza injili ya Bongo umeshamsikia. Kuna wimbo mmoja ambao kabla mwimbaji hajafungua mdomo kuna gitaa peke yake, sekunde chache tu, na watu wanazikata hizo sekunde wanaweka kwenye video zao. Ni vidole vyake. Nenda sasa kasome maelezo chini ya video. Ametajwa mwimbaji, prodyuza, mwongozaji, duka lililotoa nguo, mpaka dada aliyempaka vipodozi. Yeye hayumo. Nilimuuliza kama haimuumi, akaniambia, "Mdogo wangu, nilipewa elfu hamsini na chakula," akaendelea kukaza nyuzi. Mimi iliniuma kwa niaba yake. Watu wakisema hii ni kazi ya Mungu hatutafuti sifa, nami nauliza, mbona duka la nguo limepewa sifa?

Huyo kaka hakunifundisha nyimbo, alinifundisha kuhesabu. Kwenye G, kodi ya G ni moja, C ni nne, D ni tano, E maina ni sita. Ukihamia kii nyingine, yaani usawa mwingine wa sauti, herufi zote zinabadilika ila namba zinabaki. Ile "Way Maker" ni nne, moja, tano, sita, popote utakapoiimbia. Mapambio mengi ya zamani ni moja, nne na tano, yamekwisha. Jukwaani akimtaka mpiga besi aende wapi anamwonyesha vidole, vinne au vitano, mgongoni, watu chini hawaoni kitu. Kuanzia siku hiyo nikaacha kutembea na madaftari.

Kitu kingine alichonifundisha ni kunyamaza. Mtu akiomba katikati ya wimbo, piga mara moja uache uzi uishe wenyewe. Vijana wengi tunajaza kila nafasi kama tunalipwa kwa idadi ya mapigo.

Sasa kuna mzee mmoja pale tunaposali aliniambia, kwa upole tu, kwamba gitaa ni la vijana wa kiume, binti ukae kwenye sauti ndiko unapendeza. Nilivyomsimulia kaka hakutaka mabishano, alinitumia video tu. Ni ya Manchester, Uingereza, 1964, kwenye kituo cha treni kilichokuwa kimefungwa. Mvua imenyesha. Mama wa Kimarekani mweusi wa miaka 49, Sister Rosetta Tharpe, koti zuri, viatu virefu, gitaa la umeme begani, anapiga injili mpaka wale vijana wa Kizungu upande wa pili wa reli wanashangaa. Alizaliwa Arkansas 1915 na alianza kupiga gitaa kanisani akiwa mtoto. Alifariki 1973, wakaja kumwingiza kwenye Rock and Roll Hall of Fame 2018. Miaka 45 baadaye! Yule mzee nilimwonyesha. Akaangalia yote, akarudisha simu, akasema, "Ila huyu amevaa vizuri." Nikaona hapo tumeelewana nusu.

Ila sikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya jukwaa. Mama yangu aliimba kwaya miaka mingi, sauti ya kwanza, mtaani walikuwa wanamjua kwa hiyo. Baba alivyofariki akaacha. Hakugombana na mtu, hakutoa sababu, sare ya kwaya ikakunjwa ikakaa chini ya sanduku. Hata jikoni kimya. Ukimuuliza anasema sauti imeshaharibika.

Mwezi uliopita umeme umekatika, mimi nimekaa mlangoni napiga pambio moja analolipenda, kwenye G, kwa namba zangu. Mama anachambua mchele. Akasema bila kuniangalia, "Mbona mmeliweka juu hivyo siku hizi?" Halafu akaanza kulivumisha puani, chini kabisa kuliko nilipokuwa.

Niliacha kupiga. Nikaanza kumtafuta kwenye uzi mnene, polepole. Ukiwa wazi ule uzi ni E, hakuwepo. Nikabonyeza hatua moja mbele, pale F, ndiyo pale. F, ile niliyosema sitaki kuiongelea. Nikachukua kapo, kile kibanio cha shingoni, nikabana hatua ya tatu na kushika umbo la D, maana D ukiisogeza hatua tatu inakuwa F. Sasa moja yangu ni D, nne ni G, tano ni A. Tatu tu. Nikaingia taratibu nyuma yake.

Alifika mwisho wa ubeti, nikadhani atanyamaza. Akarudia, sasa na maneno. Sauti imeshuka kweli, ina mikwaruzo, ile ya kwanza haipo tena. Akaimba beti zote, mchele uko mapajani. Mimi sikupamba kitu, moja, nne, tano, namsubiri anapovuta pumzi, maana anavuta ndefu kuliko zamani.

Umeme uliporudi akasema nikaangalie maharage.

Kanisani hajarudi kwaya na sijamgusia. Ila jioni akiona nimetoa gitaa anauliza, "Kile kibanio unacho?" Ninacho, kinakaa kwenye pochi pamoja na lipstiki.